Wuthering Heights ni Kesi ya Shamba

Nitaisema mara moja halafu niitetee mpaka mwisho: Wuthering Heights ni kesi ya shamba.

Najua, mmezoea kuiona kwenye orodha za vitabu vya mapenzi. Kuna upepo, kuna mvua, kuna chali mwenye hasira na dem anayekufa mapema, kuna mzimu dirishani. Kate Bush aliimba juu yake mwaka wa 1978 na wimbo bado unachezwa. Juzi tu Emerald Fennell ameigeuza filamu, ndani yake Margot Robbie na Jacob Elordi. Na kila ikirudi midomoni mwa watu, ombi ni lile lile: Mungu nipe mtu wa kunipenda vile Heathcliff alimpenda Catherine.

Manze, hapana. Usiku ule Heathcliff alitoroka na Isabella kwenda kumuoa, alimtundika mbwa wa Isabella kwa kitambaa na kumwacha akining'inia. Baadaye alimfungia msichana wa miaka 17 ndani ya nyumba, baba yake akiwa kitandani anakata roho, mpaka msichana akakubali kuolewa na kijana mgonjwa. Huyo ndiye mnamuomba Mungu.

Lakini sitaki kuandika posti ya kuhesabu tabia mbaya za Heathcliff. Hizo ziko tele. Swali langu ni la historia: jamaa huyu alipata wapi nguvu ya kufanya hayo yote mchana kweupe, na hakuna aliyemshtaki? Jibu liko kwenye makaratasi. Wosia, rehani, cheti cha ndoa. Emily Brontë aliyapanga makaratasi hayo kwa makini sana, na ukiyafuata moja moja, utaona kitu kilichoua mapenzi ya hawa watu.

Tuanze na mwandishi. Emily alizaliwa mwaka wa 1818 huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na akalelewa Haworth, kijiji cha mlimani ambako baba yake, Patrick, alikuwa kasisi. Nyuma ya nyumba yao ilianza nyika: ardhi ya juu, baridi, haina miti mingi, vichaka vifupi na upepo usiochoka. Kama umewahi kupanda Nyandarua ukafika pale miti inaisha na ukungu unaanza, una picha nzuri. Hata neno wuthering ni la watu wa kule. Linaeleza vile upepo unavyovuma na kunguruma mahali pa wazi kama hapo.

Kifo kilikuwa jirani. Mama yao alikufa mwaka wa 1821. Dada wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walikufa mwaka wa 1825 baada ya kuugua wakiwa shule ya bweni. Mwaka wa 1850 mkaguzi wa serikali aliyeitwa Babbage alikuja Haworth kuangalia maji na vyoo. Alikuta zaidi ya watoto 41 kati ya kila 100 wanakufa kabla ya kufika miaka sita, na wastani wa umri wa kufa ulikuwa chini kidogo ya miaka 26. Kwa hiyo watu wanaposema kitabu kina vifo vingi mno, kumbuka mwandishi aliishi dirisha likitazama makaburi ya kanisa.

Shule naye hazikuelewana. Mwaka wa 1835 alipelekwa Roe Head, akakaa miezi michache tu, akaugua kwa kukosa nyumbani, akarudishwa. Sisi tuliotoka chuo kabla ya kuvaa ile kofia tunaruhusiwa kutabasamu hapo.

Wengi wanamchora Emily kama msichana wa ajabu aliyezurura nyikani na mbwa wake. Alizurura kweli, na mbwa alikuwepo, anaitwa Keeper. Lakini kuna upande ambao hauwekwi kwenye picha. Mwaka wa 1842 shangazi yao, Elizabeth Branwell, alikufa na kuwaachia mabinti wa Brontë pesa, karibu pauni 300 kila mmoja. Waliziweka kwenye hisa za reli. Na aliyekuwa akisimamia hizo hisa, akisoma magazeti kufuata habari za makampuni ya reli, ni Emily. Huyu dem alijua pesa. Alijua urithi ni nini. Na alijua jambo moja zaidi: pesa hizo zilikuwa zao kwa sababu hawakuwa wameolewa.

Hapo ndipo sheria inaingia. Uingereza ya wakati ule ilihesabu mume na mke kuwa mtu mmoja mbele ya sheria, na mtu huyo mmoja alikuwa mume. Ukiolewa, pesa zako, nguo zako, vyombo vyako, mshahara wako, vyote vinakuwa vyake. Ardhi yako inakuwa chini ya usimamizi wake maadamu mko kwenye ndoa. Watoto ni wake. Familia tajiri zingeweza kuandika mikataba na kuweka mali ya binti mikononi mwa wadhamini ili mume asiiguse. Msichana asiye na baba mwenye wakili mzuri alikuwa peke yake. Shika hiyo. Sasa twende kwenye stori.

Mwaka ni 1771. Mzee Earnshaw, mwenye shamba la Wuthering Heights, anatembea kwa miguu mpaka Liverpool, maili 60, yaani karibu kilomita 100. Ni kama utoke Nairobi kwa mguu, upite Naivasha, halafu urudi vile vile. Anarudi amebeba mtoto mweusi wa nywele na ngozi, amemwokota mtaani, anaongea lugha ambayo hakuna anayeielewa. Anampa jina Heathcliff, jina la mwanawe aliyekufa.

Kitabu hakisemi mtoto huyu ni wa wapi. Majirani wanabahatisha: labda ni mtoto wa baharia kutoka India, labda katupwa na meli ya Amerika au Spania. Lakini msomaji wa 1847 alijua Liverpool ni nini. Miaka hiyo ya 1770 ndiyo ilikuwa bandari kubwa kuliko zote Uingereza kwa biashara ya watumwa. Kwa jumla meli zake zilibeba zaidi ya Waafrika milioni moja kuvuka Atlantiki. Mwaka mmoja baada ya safari ya mzee Earnshaw, yaani 1772, mahakama ya London ilikuwa inaamua kesi ya James Somerset, ikisema mtumwa hawezi kukamatwa kwa nguvu na kutolewa Uingereza ili auzwe. Biashara yenyewe ilipigwa marufuku mwaka wa 1807 tu. Ndiyo maana watu walilalamika waliposikia Elordi ndiye Heathcliff, na ndiyo maana Andrea Arnold alimchagua James Howson, mwigizaji mweusi, kwenye filamu yake ya 2011. Rangi ya Heathcliff haikuwekwa pale kwa urembo. Ni mtoto asiye na ukoo, asiye na karatasi, katika nchi inayouliza kwanza wewe ni wa nani.

Mzee alimpenda. Mzee akafa, mwaka wa 1777. Shamba lote likaenda kwa mwana wa kiume, Hindley. Catherine, binti, akabaki anaishi kwa kaka yake. Na Heathcliff? Hindley akamtoa kwenye masomo, akamtuma kulala na watumishi, akamfanya kibarua wa shamba. Siku moja tu, bila hakimu, mtoto wa nyumba akawa mfanyakazi wa nyumba. Hakuna karatasi iliyosema vingine.

Sasa ile sehemu maarufu. Catherine ana miaka 15. Edgar Linton, kijana wa shamba la kitajiri la Thrushcross Grange, amemposa, naye amekubali. Usiku huo anamwambia Nelly, mtumishi, kwamba kuolewa na Heathcliff kungemshusha hadhi. Heathcliff yuko gizani anasikia. Anaondoka kabla hajasikia sentensi zinazofuata, ambazo Catherine anasema anampenda kuliko nafsi yake.

Kila mtu analia hapo. Mimi nataka usome mistari ya baadaye kidogo. Catherine anaeleza hesabu zake. Wakioana na Heathcliff watakuwa ombaomba. Akiolewa na Linton, ataweza kumsaidia Heathcliff ainuke, atoke chini ya mguu wa Hindley. Nelly anamuuliza swali moja tu: kwa pesa za mume wako?

Aki, hilo swali. Msichana wa miaka 15 hana shamba, hana kazi, hana hisa. Njia pekee anayoiona ya kumwokoa mtu anayempenda ni kuolewa na mtu mwingine halafu atumie pesa ambazo kisheria hazitakuwa zake hata siku moja. Huo si uchoyo wa kimapenzi. Huo ni umaskini unapiga hesabu. Miaka mitatu baadaye, Machi 1784, anakufa baada ya kujifungua binti wa miezi saba. Alikuwa na miaka 18.

Heathcliff amerudi miezi kama sita kabla, ana doo, hakuna anayejua amezitoa wapi. Na hapa ndipo kitabu kinageuka kuwa faili ya wakili. Hebu tuhesabu.

Shamba la kwanza: Wuthering Heights. Hindley ni mlevi na anacheza kamari. Heathcliff anacheza naye na kumkopesha, na Hindley anaweka ardhi rehani kipande baada ya kipande. Hindley anapokufa, mwenye rehani ndiye Heathcliff. Mtoto wa Hindley, Hareton, aliyepaswa kurithi, anabaki kibarua kwenye shamba la babu yake, na Heathcliff anahakikisha hajui kusoma. Alichofanyiwa yeye anakirudisha kwa mtoto.

Shamba la pili: Thrushcross Grange. Mzee Linton aliacha wosia kwamba Edgar akikosa mtoto wa kiume, shamba liende upande wa dada yake Isabella. Edgar ana binti tu, Cathy. Sasa elewa kwa nini Heathcliff alimuoa Isabella. Kabla hata ya kumtongoza, aliuliza kama yeye ndiye mrithi wa kaka yake. Isabella alimtoroka akiwa na mimba, akamzaa mvulana mbali kule karibu na London, akamlea peke yake miaka 12. Alipokufa, Edgar akamchukua mtoto. Jioni ile ile walipofika nyumbani, Heathcliff akamtuma mtumishi wake amlete. Edgar akamtoa, kwa sababu sheria ilisema mtoto ni wa baba. Mapenzi ya mjomba hayakuwa na uzito wowote.

Halafu pesa za Cathy. Heathcliff anamfungia, anamuoza kwa mwanawe huyo mgonjwa. Edgar, akiwa anakufa, anaelewa mchezo. Anaita wakili abadilishe wosia, pesa za binti ziwekwe kwa wadhamini ili mume na baba mkwe wasiziguse. Wakili anachelewa. Anachelewa kwa sababu Heathcliff ameshamnunua. Anafika Edgar akiwa maiti, na kazi ya kwanza anayofanya ni kuwafukuza wafanyakazi. Muda mfupi baadaye kijana mgonjwa anakufa pia, akiwa ameshaandika kwamba vitu vyake vyote, pamoja na vile vilivyokuwa vya mke wake, ni vya baba yake. Cathy ana miaka 17, ni mjane, na hana hata senti.

Nani alivunja sheria hapo? Kumfungia msichana, ndiyo, huo ni uhalifu. Lakini rehani ilikuwa halali. Kumchukua mtoto kulikuwa halali. Mali ya mke kuwa ya mume, halali. Mwaka wa 1926 mwanasheria mmoja Mwingereza, C. P. Sanger, alikaa chini akakipima kitabu hiki kwa sheria za wakati wake. Alikuta Emily alikuwa anajua sheria ya ardhi na urithi kuliko watu walivyodhani, na tarehe zake zinapangika karibu zote. Aliona pia kwamba dai la Heathcliff juu ya ardhi ya Grange lilikuwa na mashaka. Lakini Nelly anatoa sababu ya yeye kubaki nalo: Cathy hakuwa na pesa wala marafiki wa kumpinga. Ukisoma hiyo Kenya, huhitaji tafsiri. Sote tunajua shangazi ambaye haki ilikuwa yake na nauli ya kwenda kortini haikuwa.

Na sasa kuna mtu anasema: hayo ni ya Wazungu, miaka 200 iliyopita, yanatuhusu nini?

Yanatuhusu hivi. Uingereza ilibadilisha sheria ile polepole, na hatua kubwa ikawa Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya mwaka wa 1882. Ndiyo iliyosema mke anaweza kumiliki mali kwa jina lake. Emily alikuwa amekufa miaka 34. Waingereza walipokuja kututawala walikuja na sheria zao ndani ya sanduku: sheria zao za jumla zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897 zilipewa nguvu hapa. Uhuru ukaja 1963, sheria ile ikabaki. Mwaka wa 1971 Mahakama Kuu ikathibitisha kwamba inatumika Kenya. Kwa miongo mingi, wanandoa wa Kiambu na Kisii walipogawana nyumba kortini, mawakili walifungua sheria ya Uingereza ya 1882, iliyoandikwa kurekebisha dunia ya Catherine Earnshaw.

Na haikutosha. Kwenye kesi moja maarufu ya 2007, Mahakama ya Rufaa ilisema kuwa mke peke yake hakukupi fungu. Lazima uonyeshe ulichangia pesa. Kupika, kulea, kulima, havikuhesabiwa. Katiba ya 2010 ikasema wanandoa wana haki sawa, na mwaka wa 2013 ndipo tukapata Sheria yetu wenyewe ya Mali ya Ndoa. Hiyo inatambua kazi za nyumbani, kulea watoto na kazi ya shamba kuwa mchango. Inasema nyumba na shamba la ndoa haviuzwi wala kuwekwa rehani bila mwenzako kukubali. Inaruhusu hata mkataba kabla ya ndoa. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaeleza kwamba usawa haumaanishi kila kitu kinakatwa nusu kwa nusu. Bado unaonyesha mchango wako. Na kwenye uamuzi mwingine mwezi huo huo ikasema kwamba kuishi pamoja tu kuhesabiwe kuwa ndoa kwa nadra sana. Wale wa "tuishi tuone", hiyo ni yenu.

Kwa hiyo mtu akikuambia mapenzi ya kweli hayaulizi mambo ya karatasi, kumbuka ni nani anafaidika usipouliza. Kwenye riwaya hii, asiyeuliza anafukuzwa kwenye nyumba ya baba yake.

Sijasema msisome kwa ajili ya mapenzi. Someni, na mlie. Ila niwape njia ya kukisoma bila kukata tamaa ukurasa wa 30. Chora mti wa familia, maana kuna Catherine wawili, mama na binti, na Linton ni jina la ukoo na pia la mtoto. Msimulizi wa kwanza, Lockwood, ni mpangaji tu asiyeelewa kitu, mvumilie. Nelly ndiye anayejua stori, lakini usimuamini kila mahali, kwa sababu naye alikuwa jikoni akichochea. Lafudhi ya mzee Joseph ikikushinda, ruka. Na kila mtu akifa, simama ujiulize: mali imeenda kwa nani?

Ukifanya hivyo mwisho utakupiga vingine. Heathcliff ana mashamba yote mawili na hayamsaidii kitu. Anamwambia Nelly bado hajaandika wosia, na kwamba angeweza angeifuta mali yake yote duniani. Anakufa mwaka wa 1802 bila kuandika. Cathy, mjane wa miaka 18, anamfundisha Hareton kusoma, neno kwa neno, kijana mkubwa mwenye mikono ya kazi anakosea na kucheka. Wanapendana hapo, juu ya kitabu. Harusi imepangwa siku ya Mwaka Mpya, 1803.

Ni sehemu tamu kuliko zote, na wasomaji wengi hufunga kitabu wakiwa wamepoa. Lakini angalia mwaka. 1803. Imebaki miaka 79 kabla ya sheria ile ya 1882. Siku Cathy anapovaa pete, mali yake yote ya kuhamishika inakuwa ya Hareton, na mashamba yanaingia mikononi mwake kusimamiwa. Amepata mwanaume mzuri, na uzuri huo ndio ulinzi pekee alionao. Hareton akigeuka kesho, hakuna karatasi itakayomtetea.

Emily alikufa tarehe 19 Desemba 1848, mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, akiwa na miaka 30, akijulikana na wasomaji kwa jina la kiume, Ellis Bell. Hakuolewa. Hisa zake za reli zilibaki zake mpaka siku ya mwisho.